Maporomoko Kwenye Jicho la Kaloki

Madaktari wa macho walipoweka kambi kanisani kwetu Kangundo, nilimburuta mume wangu Kaloki kama mbuzi anayepelekwa kuuzwa sokoni Tala. Muuguzi Mueni akammulika jichoni kwa tochi.

"Mzee, una mtoto wa jicho. Kwa lugha ya daktari, katarakti."

"Jina gani hilo?"

"La Wagiriki wa kale. Maana yake maporomoko ya maji. Walidhani maji hushuka kutoka kichwani, yakaziba mboni."

Kaloki akacheka hadi bakora ikaanguka. "Maporomoko? Ukambani huku? Mito imekauka yote, maji yaje kupatikana kwa jicho langu!"

Hata mimi nilicheka. Mueni akangoja tutulie. "Walikosea, baba. Maji hakuna. Ni lenzi ya jicho imekuwa nyeupe, kama ute wa yai ukiingia motoni."

"Na yai likiiva, hurudi kuwa bichi?"

"Halirudi. Tunaitoa hiyo lenzi, tunaweka nyingine. Ukiiacha, utabaki gizani."

Kicheko kikamkauka. "Mimi naona. Kahawa yangu haijawahi kukataliwa kiwandani. Muulize Mama Mumo."

Wakanigeukia wote wawili. Nikabanwa. Misimu miwili sasa, Kaloki akienda kuoga, mimi huketi kwenye gunia nikiondoa matunda mabichi aliyochuma akidhani mabivu. Nikinyamaza, heshima yake inabaki, macho yanaenda.

"Baba Mumo," nikasema, "huwa nayachambua."

Nikangoja radi. Yeye akapapasa benchi mpaka akapata mkono wangu.

"Huwa nayasikia yakidondoka kwenye debe. Ulidhani na masikio yameiva?" Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Naogopa, mama. Nimebaki na kivuli chako tu. Wakikosea, hata hicho kitaenda."

Nikaubana mkono wake.

"Nitakuwa mlangoni wakikupasua," nikasema. "Utanisikia nikigombana na askari anayenizuia."

Akaguna. "Hapo sawa. Sista, niandike."

Msimu uliofuata, lenzi mpya ikiwa jichoni, tulichuma pamoja. Jioni Kaloki hakwenda kuoga. Alimwaga ndoo yangu kwenye gunia, akaketi, akachokora, akainua tunda moja la kijani kibichi hadi usawa wa pua yangu.

"Mama Mumo, hili ni la nani?"

"La nyani. Peleka macho yako huko!"

Akalitupa ndani ya debe, likalia *ti*. Kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye gunia.