Nilibisha Hodi Mara Mbili

Nilipopata kazi ya mkataba katika ofisi ya takwimu Arusha, Januari 1995, nilimwandikia mama yangu kule Machame kwamba kazi yenyewe ni kuhesabu vizazi na vifo. Akajibu kwamba anamshukuru Mungu nimepata nafasi hospitalini. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi sita tu, na wazo kwamba biashara nazo huzaliwa na kufa, na kwamba lipo daftari la kuziandika, lilikuwa limeniingia moyoni kama dini. Soko lilikuwa limefunguliwa. Kila wiki Arusha ilipata saluni mpya, kibanda kipya, mashine mpya ya kusaga. Wapo waliosema biashara huria imeleta neema, na wapo waliosema imeua viwanda. Mimi niliamini kwamba tukihesabu vizuri tutajua nani anasema kweli, na serikali itajua pa kusaidia.

Kanuni ya kifo ilikuwa fupi. Ukikuta biashara imefungwa, rudi baada ya miezi mitatu. Ukiikuta bado imefungwa, imekufa. Jaza fomu ya manjano.

Namba 417 ilikuwa karakana ya kufuma sweta za shule, mtaa wa Ngarenaro, mwenyewe Mikidadi Uwesu, ilianzishwa mwaka 1986. Nilifika mara ya kwanza mwezi Februari nikakuta mlango wa mbele una kufuli. Nilibisha hodi, nikasubiri, nikabisha tena. Kibarazani mwa nyumba ya pili alikaa fundi wa viatu vya katambuga, Lemayian, akikata tairi kwa kisu.

"Unamtafuta nani, wewe wa makaratasi?"

"Mwenye karakana."

"Mwenye karakana tumemzika Jumanne iliyopita. Umechelewa."

Nilimpa pole, nikaandika: imefungwa, mwenyewe amefariki. Mwezi Mei, siku mbili baada ya miezi mitatu kutimia, nilirudi. Kufuli lilikuwa palepale, na vumbi juu yake. Nilibisha hodi kama mara ya kwanza.

"Mlango huo haujafunguliwa tangu msiba," Lemayian aliniambia bila kuinua macho.

Nilijaza fomu ya manjano nikiwa nimesimama, na nakumbuka nilifanya hivyo kwa huzuni. Miaka tisa ya mtu ilikuwa inaishia kwenye mraba mdogo wenye alama ya vema.

Katikati ya Julai nilipita tena mtaa ule, safari hii nikitafuta biashara mpya. Baridi ilikuwa kali, Mlima Meru umefunikwa na mawingu tangu asubuhi. Mlango wa namba 417 ulikuwa wazi. Ndani wanawake watatu walikuwa wakisukuma mashine za kufumia, krrr kwenda, krrr kurudi, na sweta za kijani zilikuwa zimepangwa hadi usawa wa dirisha. Wa nne, mtu mzima mwenye ushungi mweupe, alikuwa akishona kola. Nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu." Aliniangalia kidogo, akatabasamu. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye uliyebisha hodi Februari. Na Mei pia."

"Ulinisikia?"

"Nilikuwa ndani. Ulibisha kwa adabu, si kama hawa watu wa leseni."

"Mbona hukuitika, mama?"

Wale wanawake walicheka. Mmoja, Zakia, alisema, "Huyu wa wapi huyu? Mwacheni, ni mtu wa kanisani."

"Nitoke vipi, mwanangu?" alisema yule mama kwa upole. Alikuwa Mama Najat, mjane wa Mikidadi. "Nilikuwa nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, wala hafungulii wanaume asiowajua. Tulifunga mlango wa mbele, mashine tukazihamishia chumba cha nyuma. Hawa waliingilia uani. Binti yangu Najat alipeleka sweta shuleni."

"Kwa hiyo mlikuwa mnafanya kazi?"

"Kila siku. Ulipobisha nilisimamisha mashine, watu wasije wakasema Mikidadi hajakauka kaburini na mkewe anafuma."

Nilihesabu kichwani. Miezi mitatu. Miezi minne na siku kumi.

Akanivutia kigoda. Alikuwa na jambo la kuniuliza, na alifurahi kwamba nimekuja mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa imeuzwa, mwenye nyumba mpya alitaka kujenga ghorofa, na wapangaji walipewa hadi mwisho wa Agosti. Vyumba vya barabarani vilikuwa vinachukuliwa na watu wa mitumba waliolipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Lakini karibu na reli mradi mmoja ulikuwa umejenga mabanda yenye umeme kwa ajili ya karakana zilizofanya kazi miaka mitano au zaidi. Yeye alikuwa ameomba.

"Wameniambia umri wa karakana wanautazama kwenye daftari lenu," alisema. "Nikafurahi. Mikidadi alikuwa anawajibu kila mwaka, hata akiwa na homa. Tumo, sivyo?"

Ningeweza kumjibu palepale. Badala yake nilisema, "Kuna kosa dogo, mama. Ni langu. Nitalirekebisha."

"Haya baba. Mungu akubariki."

Nilitoka haraka, chai aliyonipa sijaimaliza. Lemayian aliniona sura.

"Ulikuja ukauliza habari za mlango," alisema. "Hukuuliza habari za watu."

Ofisini, mkubwa wangu Bwana Ludovick alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka ishirini katika takwimu, na aliwahi kunipa koti lake nilipotumwa Oldonyo Sambu kwenye mvua.

"Takwimu za nusu mwaka zimeshaenda Dar," alisema. "Ndani yake 417 ni maiti. Hapa hatufufui, Anande. Kazi hiyo ina mwenyewe, na hata yeye alifanya mara chache."

"Lakini haikufa, mzee. Haikulala hata siku moja."

"Ulikuta imefungwa?"

"Ndiyo."

"Mara mbili?"

"Ndiyo."

"Kanuni umeifuata. Sasa ifuate hadi mwisho. Umekuta mlango wazi, mwenyewe mpya. Mwandike kama biashara mpya."

"Atakuwa na umri wa wiki mbili!"

"Kila mtu alianzia hapo."

Aliona nimeumia, akavua miwani. Akaniruhusu kuandika barua makao makuu, na akaisaini bila kubadilisha neno. Niliandika kurasa tatu. Nilieleza eda, nilieleza mlango wa uani, nilipendekeza kwa heshima kwamba kanuni ya miezi mitatu isomeke miezi sita kwa wajane. Nilijivunia barua ile. Nilidhani mtu huko juu ataisoma na kusema, kweli, hili hatukuliwaza.

Jibu lilifika Agosti kumi na mbili, mistari minne. Walitushukuru kwa maoni. Marekebisho ya namba zilizofungwa yangepokelewa katika zoezi la mwisho wa mwaka, Desemba.

Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mradi. Karani wao, dada mmoja aitwaye Hedwiga, alikuwa na orodha mezani iliyotoka kwetu, imechapwa kwenye kompyuta yetu. Aliniacha niitazame. Ilitoka 416 ikaenda 418.

"Kaka, mimi nakuamini," alisema. "Lakini tumekataa barua za diwani, tumekataa za mchungaji, tumekataa za sheikh. Tumesema daftari tu, ili pasiwe na upendeleo. Nikipokea yako leo, kesho watapanga foleni hadi stendi."

Kama angeniuliza chuoni, ningemwambia afanye hivyohivyo.

Nilichelewa siku nne kwenda kumwambia Mama Najat. Kila asubuhi nilijiambia huenda kutatokea jambo. Nilipofika alikuwa ameshajua. Orodha ya waliopata mabanda ilikuwa imebandikwa, Najat alikwenda kuisoma.

"Kaa," aliniambia. "Usisimame kama mdeni."

"Mama, mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Uliandika ulichokiona." Alikunja sweta moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Na mimi ndiye niliyesimamisha mashine. Ningeiacha ilie, ungeisikia. Niliogopa maneno ya watu."

Zakia aliweka mkasi chini kwa kishindo. "Usijitwike, mama. Yeye amesoma, sisi hatukusoma. Angezunguka nyuma."

Mama Najat aliuchukua mkasi ule, akakata uzi wa sweta.

Waliondoka Agosti ishirini na tisa. Mashine moja ilikuwa inakwenda Tengeru, kwa dada yake Mama Najat, ambako mama huyo angefumia barazani. Mbili zilikuwa zimepata mnunuzi, na Zakia na wenzake waligawana nyuzi zilizobaki, wakaagana na bosi wao kwa kukumbatiana mlangoni. Nilisaidia kupakia. Nilishika mashine kwa chini, Mama Najat akapiga kelele, "Si hapo, baba, utapinda sindano!" Nikabadilisha mkono. Lemayian alishika upande wa pili, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Nilikuwa na fomu mfukoni. Bwana Ludovick alikuwa ameniagiza: ile biashara mpya niliyoiandika Julai kwa amri yake inahama, mwenye mashine tatu anakuwa na moja, sasa ni kazi ya nyumbani, nje ya daftari. Ilibidi ifungwe. Katika mwaka mmoja mwanamke yule angeonekana amekufa mara mbili na kuzaliwa mara moja, na siku zote hizo alikuwa anafuma.

Niliiweka fomu juu ya boneti ya gari. Sehemu ya saba iliuliza sababu ya kufungwa. Majibu ya kuchagua yalikuwa hasara, ukosefu wa mtaji, kufariki kwa mwenyewe, na nyingine.

"Mama," nilisema, "hapa niandike nini?"

Alikuwa ameshapanda mbele, mkoba wake mapajani. Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kunisaidia kazi yangu.

"Andika unavyojua wewe, mwanangu. Mimi sijui nilifunga lini."

Dereva akawasha gari. Niliichukua fomu haraka isipeperuke, nikaweka alama kwenye jibu la "nyingine". Mbele ya neno hilo palikuwa na mstari wa kueleza, urefu wake kama kidole. Nilianza kuandika: mjane alikuwa ndani. Nafasi ikaisha. Niligeuza karatasi nyuma, lakini nyuma pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba pasiandikwe kitu, na nilipoinua kichwa gari lilikuwa limeshakata kona.