Picha ya Kujazia Nafasi

"Sitel, bwanangu umemuua mbona?"

Ilikuwa saa nne na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, na Sitelbanat aliipokea simu hiyo akiwa na kikombe cha chai mkononi na raha yote ya mtu aliyewatumia watu kazi yao jana yake. Sauti ilikuwa ya Magdaline, muuza mboga wa Kawangware 46, mke wa Ogola. Na Ogola ndiye aliyekuwa mteja.

"Mama, sielewi."

"Huelewi nini? Angalia hiyo nimekutumia. Watu wananiambia pole tangu saa tatu na nusu."

Sitelbanat akaangalia. Ulikuwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, na ndani yake alikuwamo Ogola na suti yake, picha imegeuzwa nyeusi na nyeupe, mshumaa ukiwaka pembeni. Chini pameandikwa: TANZIA. Ogola, mwenyekiti wetu, ametutoka leo, Jumamosi.

Picha ile aliitengeneza yeye mwenyewe. Na tusimfiche, aliionea fahari.

Sitelbanat alikuwa Mnubi, Mwislamu mzaliwa wa Kibera, na alitengeneza tovuti za watu akiwa peke yake katika chumba cha kupanga huko huko, mtaa wa Silanga, nyuma ya wauza makaa. Chuo hakukiona. Vifaa vyake vyote vilikuwa vya bure, vya kuokota mtandaoni: kimoja cha kumpa ukurasa uliokwisha kupangwa, kimoja cha kufuta kilicho nyuma ya mtu kwenye picha, kingine cha kumwambia rangi gani inaelewana na ipi. Kilichokuwa chake hasa ni karatasi ya manila ukutani, yenye masomo kumi aliyofundishwa na wateja, kila moja kwa machozi yake. La sita lilisema: usimtumie mteja kazi ambayo haijaisha bila kuifunga kwa neno la siri.

Ogola alimfanya alivunje. "Password nitasahau," alimwambia. "Nitumie tu hivyo. Na usiniletee kitu tupu, mimi kitu tupu siwezi elewa. Jaza kila mahali nione ni kama imeisha."

Tovuti yenyewe ilikuwa ya chama chao cha kuzikana, watu wa ziwani wanaoishi Kawangware, wanaochanga mwenzao anapofariki ili asafirishwe kwao. Ukurasa wa tanzia ndio uliokuwa moyo wa kazi. Na picha aliyokuwa nayo Sitelbanat ilikuwa moja tu, ya mwenyekiti. Basi akajaza nayo kila nafasi: kwa viongozi, kwa mawasiliano, kwa tanzia, na chini yake maneno ya mfano. Tarehe hata hakuiandika. Ukurasa wenyewe ulijiwekea tarehe ya leo kila ulipofunguliwa, kwa hiyo Alhamisi Ogola alikuwa amekufa Alhamisi, na Ijumaa akafa Ijumaa, bila mtu kujua.

Utasema, binti mzima haoni kwamba hilo ni balaa? Hakuliona. Kwao maiti hailali. Mama yake alikata roho asubuhi, na kufika alasiri walikuwa wamekwisha kumzika. Habari ilikwenda kwa mdomo, mlango hadi mlango, na hakuna aliyechapisha picha. Kwake tanzia ilikuwa ukurasa kama kurasa nyingine. Kwa watu wa Ogola, uso wa mtu kando ya mshumaa ndio msiba wenyewe. Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza.

"Nani amesambaza?" aliuliza, vidole tayari vikiufuta ukurasa ule kwenye kompyuta.

"Adhis, katibu wetu. Ogola alimtumia link jana amwambie kama ni poa. Leo akafungua hapo kwa tanzia, akaweka kwa grupu, akauliza, jameni hii ni ukweli? Nani anasoma swali, Sitel? Wameona picha."

"Nimefuta, Mama. Imetoka."

"Haijatoka. Bado naiona."

Kweli. Ukurasa ulikuwa umekufa, lakini picha na yale maneno vilikwisha kushikwa na simu za watu, na kila aliyeusambaza ujumbe aliusambaza pamoja na mshumaa wake. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Waambie kwa grupu si ukweli."

"Nimewaambia. Wananiambia, pole mama, ni mshtuko." Sauti ya Magdaline ikapungua. "Yeye nimempigia mara ishirini. Mteja hapatikani. Simu yake ilizima jana, stima ilipotea kwetu. Alitoka saa kumi na mbili akiwa mzima, amekunywa chai. Lakini hii yako inasema leo. Na kazi ya leo ni juu ya ghorofa."

Sitelbanat akaweka kikombe chini.

"Na hata si hiyo inaniua," Magdaline akaendelea. "Ni mamake."

Amolo, mama yake Ogola, alikuwa kijijini, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye presha, ambaye mwaka juzi alikwisha kumzika binti na baada ya matanga hayo akalazwa wiki tatu. Kwao, mama haambiwi kwa simu kwamba mtoto wake amekufa. Anatumwa mtu. Anakwenda mwenyewe, anavua kofia, anamkalisha mama chini ndipo aseme. Na wazee wa chama walikwisha kumtuma Tonny, mdogo wake Ogola aliyeko Kisumu. Alitoka saa tatu na dakika arobaini kwa pikipiki. Mwendo wa saa moja. Na kwenye grupu wakaandika: mtu yeyote asipige simu nyumbani mpaka Tonny afike.

"Tonny umempigia?"

"Inaita tu. Ako kwa barabara."

"Basi wewe mpigie mama."

"Nimwambie nini? Mtoto wako hajakufa? Ataniuliza nani alisema amekufa, kisha atasema nipe yeye niongee naye. Nitampa nani?" Magdaline akavuta pumzi. "Ni yeye tu anaweza ongea. Ako Nyayo Highrise, anarekebisha tanki la maji. Block sijui. Mimi niko mbali, wewe uko hapo. Kimbia."

Sitelbanat alikimbia. Alitoka na viatu vya ndani, akawapita wauza makaa, akashika njia ya kando ya bwawa katikati ya vishamba vya sukuma, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia akamwuliza nani anamfukuza. Hakujibu. Saa nne na dakika ishirini na mbili. Tonny, akilini mwake, alikuwa akikata kona ya mwisho. Alijichukia kwa kila hatua, alijichukia kwa ule mshumaa, ambao aliutafuta nusu saa nzima mpaka akapata wenye mwali mzuri.

Getini alimkuta askari, mtu wa makamo, kitambulisho cha shati kinasema Shiundu.

"Unaenda nyumba gani?"

"Natafuta fundi wa tanki."

"Nyumba namba ngapi?"

"Sina namba. Kuna fundi ameingia asubuhi, anaitwa Ogola. Nahitaji kumwona sasa hivi."

"Mafundi ni wengi, madam. Bila namba huingii."

Akatoa simu. Picha ya Ogola aliyokuwa nayo humo ilikuwa moja, ile ile, na alipomwonyesha ndipo akakumbuka kilichoandikwa chini yake. Shiundu akaisoma polepole. Kisha akavua kofia.

"Huyu aliingia hapa saa moja," alisema. "Nilimfungulia mimi. Akaingia ndani ya tanki, pale, block ya mwisho." Akameza mate. "Hajatoka. Kwani amefia huko?"

Hapo ndipo hofu ilipobadilika rangi. Mpaka dakika ile Sitelbanat alikuwa akiogopa uongo wake. Sasa aliogopa kwamba haukuwa uongo. Kwamba ameandika leo, na leo imefika. Hakungoja ruhusa. Alimpita askari na kupanda ngazi akishika ukuta, ghorofa baada ya ghorofa, mapafu yanawaka, mpaka akatokea juu ya paa palipokuwa na tanki la saruji, ngazi ya chuma imeegemezwa, na kando yake begi la vifaa na jozi ya viatu. Viatu vilikuwa vimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino.

"Mzee Ogola!"

Alipanda ile ngazi ya chuma, akainama juu ya shimo. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya saruji mbichi.

"Ogola!"

"Nani anapiga kelele hivyo?"

Kikatokea kichwa, cheupe kwa saruji kuanzia nywele hadi kidevu, macho mekundu. Kama hujui ni fundi, ungekimbia. Sitelbanat alimshika mkono ule mchafu kwa mikono yake miwili na hakuuachia.

"Sitel? Website imeharibika?"

"Namba ya mama yako. Unaijua kwa kichwa?"

"Ya mama? Hiyo tu ndiyo naijua."

"Nipe. Mpigie, ongea naye kawaida. Usiulize kitu. Tonny anakaribia kumwambia umekufa. Ni makosa yangu, nitakueleza, lakini ongea naye sasa."

Ogola alimtazama. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana kwa miaka tisa. Mambo ya namna hii hayakuhitaji kurudiwa. Akataja tarakimu moja moja, naye akazibonyeza, akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ya Ogola ilikuwa saruji tupu. Saa nne na dakika thelathini na tisa. Simu ikaita. Ikaita tena. Ikaita mpaka Sitelbanat akaanza kuomba kwa Kiarabu cha nyumbani.

"Haloo?"

Walizungumza Kijaluo. Aliyekulia Kibera hukisikia hata kama hakisemi.

"Mama, umeamkaje?"

"Ogola? Mbona unapiga asubuhi? Wewe hupiga jioni."

"Nimekukumbuka tu." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Kuku ametotoa?"

"Ametotoa tisa. Mwewe amechukua wawili. Nilikwambia nahitaji waya, hukuleta."

"Nitaleta."

"Nitaleta, nitaleta. Subiri, kuna pikipiki inaingia." Mlio wa pikipiki ukazimika. "Ni Tonny. Hakusema anakuja. Mbona amevua kofia?"

Ogola akafumba macho. Kwenye simu walisikia hatua, kisha sauti ya kijana iliyokwisha kupasuka kwa kilio cha njiani.

"Mama, kaa chini."

"Kaa chini wewe," Amolo alisema. "Ngoja kwanza, naongea na ndugu yako."

Halafu kukasikika kitu kizito kikianguka, na huyo hakuwa Amolo. Alikuwa Tonny, analia kama mtoto kwenye ua wa mama yake, na mama anauliza tena na tena, wewe una nini, wewe una nini. Ogola alimweleza kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha mzigo wa mayai. Ni makosa ya kompyuta, Mama. Ni picha tu. Niko hapa. Sikia sauti yangu.

"Sauti si mtu," Amolo alisema mwishowe. "Njoo nikuone. Leo." Kisha akauliza, kwa Kiswahili, "Nani aliweka hiyo picha?"

Ogola alimwangalia Sitelbanat. Angeweza kumfichia. Sitelbanat akasogea karibu na simu.

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

"Wewe ni nani?"

"Ni Sitelbanat. Msichana wa website."

"Una mama?"

"Alifariki."

"Picha yake unayo?"

Hakuwa nayo. Kulikuwa na moja ya kitambulisho, ndogo, iliyofifia mpaka huwezi kujua kama alikuwa akitabasamu. Machozi yakamtoka bila kuombwa, pale juu ya ngazi ya chuma.

"Sina, Mama."

"Basi unajua picha ya aliyekufa ni kitu gani," alisema Amolo, bila ukali. "Mtoto wangu nilikuwa naye bado."

Akakata.

Ogola alitoka tankini, akateremka, akaosha uso kwa maji ya ndoo, akavaa viatu. Alisema tovuti itaendelea, lakini kila ukurasa utapita kwake peke yake, na password ataikariri kama namba ya mama. Kisha akamwomba simu ampigie Magdaline, na kwa muda mrefu akamsikiliza mke wake akilia. Jioni ile alipanda basi, na waya wa kuku mkononi.

Sitelbanat alirudi Silanga kwa miguu, polepole. Alichukua kalamu akasimama mbele ya karatasi ya ukutani, atafute namna ya kuliandika somo la kumi na moja. Alijaribu kichwani maneno ya neno la siri, ya tarehe zinazojiandika, ya kumwuliza mteja picha ya nani inakaa wapi. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililotosha. Mwishowe akaandika jina tu, Amolo. Mteja mpya akiingia na kumwuliza huyo ni nani, humwambia akae chini kwanza.