Rafu Niliyoificha

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Waulize wenzangu hapa maktaba ya chuo, watakwambia Bi Kadi akichelewa, basi saa ndiyo imekosea. Jina hilo walinibandika kwa sababu nilianza kazi enzi za kadi, zile za karatasi ngumu zilizopangwa kwenye droo, nami nilizijua kama mama anavyojua wanawe. Kompyuta zilipokuja walidhani nitasusa. Thubutu! Nilijifunza nikawapita. Na kilipoletwa kisanduku cha utafutaji, kile ambacho mwanafunzi anaandika neno moja akaletewa vitabu, majarida na tasnifu kwa mkupuo, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha watu. Hata bango lililo juu ya kila kompyuta nililiandika mimi: ANDIKA HAPA, UPATE VYOTE.

Kwa hiyo ilipofika barua ya kamati ya nidhamu ya masomo sikuona tabu yoyote. Waliuliza jambo dogo. Kuna muuguzi anasomea uzamili, na katika tasnifu yake ametegemea utafiti wa mkunga mmoja, uliofanywa hapa hapa chuoni miaka zaidi ya ishirini nyuma, kuhusu akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Sura nzima imesimama juu ya utafiti huo. Mtahini ameutafuta, hakuuona. Na siku hizi, wakaandika, kuna mashine zinazotunga vitabu visivyokuwepo, na wanafunzi wanavitaja bila haya. Je, maktaba inayo kazi hiyo?

Niliandika jina la mkunga kwenye kisanduku. Hakuna matokeo. Nikaandika kichwa cha tasnifu. Hakuna. Nikachapa: "Maktaba haina, na haijawahi kuwa na, kazi iliyotajwa." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Chai yangu ilikuwa bado ina moto.

Alhamisi yule muuguzi akaja. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sare ya kazi chini ya sweta, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wewe ndiye umeandika hii barua?"

"Ndiyo mimi. Kwani ina kosa?"

"Ina kosa, mama. Hii kazi wanayosema haipo, mimi nimeishika kwa mikono yangu."

Nikavua miwani. Nikivua miwani watu hupunguza sauti. "Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimetafuta, haipo. Ukubali, uombe msamaha, wanaweza kukuhurumia."

"Niombe msamaha wa nini?" Akaiweka barua yangu mezani. "Jumatatu kamati inakaa. Wakinitangaza kwamba nimetunga, si chuo tu kitakachonifukuza. Baraza la wauguzi litaandikiwa. Mimi ndiye ninayejaza faili za wagonjwa, mama. Naandika dawa gani amepewa nani, saa ngapi. Nani atamwachia faili muuguzi mtunga uongo?"

"Sasa mimi nifanyeje? Niumbe kitabu?"

Akatoa daftari la shule kwenye mkoba, lile la mistari, pembe zimekunjika. Akasoma kama anayesoma hati ya mgonjwa, bila pumzi. Jalada la kijani. Kurasa mia moja arobaini na mbili. Ukurasa wa sitini una jedwali, na pembeni mtu ameandika kwa penseli "hesabu upya". "Alinifungulia yule baba wa stoo aliyestaafu, kule chumba cha chini. Imepita miaka mitatu. Mwenyewe alikuwa anazijua kwa macho, akaniambia hebu angalia na hii. Hairuhusiwi kutoa nje, nikasoma siku mbili nimesimama. Na kuanzia ukurasa wa mia kuna alama ya maji. Kurasa zimejikunja, inabidi uzifunue polepole."

Nikairudisha miwani usoni.

Alama ya maji! Zile kurasa nilizikausha mimi. Miaka sita iliyopita bomba lilipasuka juu ya chumba cha chini, likamwagia rafu nzima ya tasnifu za zamani. Tulizibeba, tukazitandaza sakafuni, tukaweka karatasi kati ya kurasa na feni mbili zikipuliza. Mambo ya siku zile yakaanza kunirudia moja moja, na kuna moja ambalo sikutaka linirudie.

Nikachukua ufunguo. "Nifuate," nikamwambia.

Ngazi za kwenda chini ni ishirini na mbili, na magoti yangu yana kesi na kila moja. Huko sikuwa nimetia mguu tangu tulipozirudisha zile tasnifu. Wala si mimi tu; tangu yule baba wa stoo astaafu hakuna aliyeshuka. Nani ashuke, na kwa kitabu gani, ikiwa hakuna anayekiomba? Kufuli lilikuwa gumu. Taa moja iliwaka, nyingine ikagoma. Nikaanza kupapasa migongo ya majalada, nikihema, lakini yeye hakunisubiri. Alikwenda moja kwa moja hadi rafu ya tatu, akapiga goti, akachomoa.

Kijani. Nembo ya chuo, muhuri wa maktaba, jina la mkunga. Akafungua ukurasa wa sitini, akanionyesha ile penseli. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi na sare yake, kitabu kifuani.

"Kumbe mimi si kichaa," akasema. "Mama, wiki hii nilianza kujiuliza labda niliota."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, mwenye akili zake, nilikuwa nimemfanya asiyaamini macho yake. Nikamshika mkono, nikamwinua.

Alipoondoka nilifungua upande wa pili wa mfumo, ule wa wafanyakazi tu, ambako kila kitabu kina ukurasa wake wa siri. Pale kuna kijisanduku kidogo chenye neno moja: isionekane. Ukikitia tiki, kitabu kinabaki kwenye orodha yetu lakini wasomaji hawakioni. Kwa mkunga kulikuwa na tiki. Nikafungua ya jirani yake. Tiki. Na ya jirani. Tasnifu mia mbili na kumi na nne, zote zina tiki, na mbele ya kila moja tarehe ile ile ya wiki ya bomba, na jina la aliyeiweka. Langu.

Niliziweka ili wanafunzi wasiombe vitabu vilivyolowa. Wiki mbili tu, nilijiambia, vikauke. Ningependa kukwambia kwamba niliugua, au nilifiwa. Wala. Nilisahau. Mwaka uliofuata kisanduku kikaletwa, kikachukua kile kilichoonekana na kuacha kisichoonekana, nami nikasimama mbele ya watu na fimbo ya kuelekezea nikiwaambia vyote vimo.

Mkurugenzi wetu ni kijana mwenye adabu, angeweza kuwa mwanangu. Nilimweleza. Akafunga mlango.

"Mama, toa tiki zote leo. Kitabu kipo, muuguzi atapona, amani. Kuhusu sababu, nitaandika kwamba mfumo ulipata hitilafu."

"Mfumo haukupata hitilafu."

"Mama." Akashusha sauti. "Unastaafu mwisho wa mwezi. Ukumbi umeshapangwa, cheti cha utumishi uliotukuka kinachapishwa. Mfumo haujui kuona aibu. Utwishe huo lawama."

Nisikudanganye, niliyapenda maneno yale. Nililala nayo siku tatu, nikayageuza na kuyapapasa. Muuguzi anapona, mimi napona, mashine inabeba lawama. Nani ameumia?

Jumatatu tukaingia kwenye chumba cha kamati. Meza ndefu, maprofesa watano, chupa za maji. Muuguzi alikaa mwisho kabisa, mikono chini ya meza. Mwenyekiti, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alishika ile tasnifu ya kijani, akaipekua, akafika kwenye penseli, akaipitisha kwa wenzake. Kisha akasoma barua ya mkurugenzi.

"Basi ni hitilafu ya mfumo," akasema. "Mkutubi, unathibitisha?"

Neno moja tu lilihitajika. Nikamtazama muuguzi. Alikuwa ananitazama kwa shukrani, yule mtoto. Kwa shukrani! Mimi niliyemwambia njia ya mwongo ni fupi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Sithibitishi," nikasema. "Mfumo ulifanya ulichoambiwa. Nilizificha mimi, rafu nzima, miaka sita iliyopita, nikasahau kuzifichua. Na mlipouliza nilitafuta kwa nusu dakika kwenye kisanduku cha wanafunzi, sikushuka ngazi, nikawaandikia kwamba haijawahi kuwepo. Huyu binti hakutunga kitu. Mwongo kwenye hii kesi ni barua yangu."

Mkurugenzi alitazama chupa yake ya maji. Muuguzi akafunika uso kwa viganja, mabega yakamcheza. Mwenyekiti akamwambia aende nyumbani, kesi yake imefutwa na kamati itamwandikia barua ya kumwomba radhi. Nilidhani yameisha. Nikaanza kukusanya miwani na mkoba.

"Kaa, Bi Kadi," akasema mwenyekiti. Sikujua kama hata yeye analijua hilo jina. "Hitilafu ingekuwa ya siku moja. Wewe unasema miaka sita. Barua kama hii umetuandikia ngapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wallahi sikuwa nimelifikiria. Siku tatu nzima nilijipima mimi, cheti changu, ukumbi wangu.

Karani akaleta majalada. Ilikuwepo moja, ya miaka miwili nyuma. Mwanafunzi wa historia alikuwa ametaja tasnifu kuhusu shule za kwanza za wasichana. Nikasoma kichwa chake na sikuhitaji kompyuta kuniambia iko rafu gani. Barua ilikuwa ile ile, neno kwa neno, haina na haijawahi kuwa na, na sahihi yangu chini, yenye mkia mrefu ninaoupenda. Nyuma yake ilipigwa pini karatasi ya uamuzi: ameondolewa chuoni kwa udanganyifu. Wala simkumbuki. Labda hakuja kuniuliza, au alikuja nikamvulia miwani.

Mwenyekiti alisema chuo kitamwandikia. Nikamwomba anipe namba, nimpigie mimi kwanza. Karani akapekua fomu ya kujiunga. Namba ya mwanafunzi haikupatikana tena. Iliyobaki ilikuwa ya mzazi.

Nilipiga kutoka mezani kwangu, mchana, wanafunzi wakipita na mabegi yao. Akapokea mama, sauti ya mtu mzima kama mimi. Tukasalimiana. Nikamweleza ninatoka maktaba ya chuo alichosoma mwanawe, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, ila polepole. Nilipomaliza nikasikia redio kwake inazimwa.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli," akasema.

"Alikuwa anasema kweli, mama."

"Alikuja na ile barua. Yenye muhuri. Akaniambia mama hawa wamekosea, nimekisoma hicho kitabu. Mimi sikusoma sana, dada yangu. Nikamwambia maktaba nzima haiwezi kukosea ukapatia wewe. Nikamwambia umenitia aibu. Nikamwambia asinioneshe uso wake."

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

"Alinisikiliza. Tangu siku ile sijauona."

Nililia. Pale pale kaunta, mbele ya wanafunzi, chini ya bango langu, bila kujificha. Nikamwambia chuo kitamrudisha, kitamwandikia barua nyingine, ninachohitaji ni kujua yuko wapi ili nimpelekee kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ningejua yuko wapi ningekaa hapa?" akasema. Hakuwa na hasira, na ningefurahi angenitukana. "Nimeuliza kwa rafiki zake, kwa ndugu zake, hospitali. Namba yake haiiti. Sasa wewe, dada, kazi yako si ndiyo kutafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitafutie mwanangu."

Nikachukua kalamu, nikamwomba anitajie jina lake kamili. Akanitajia, nikaliandika.