Hariri Isiyokunjika

Bosi alikifinyanga kitambaa cha hariri ndani ya ngumi, akakikalia dakika tano kama kuku anayeatamia, kisha akakitandaza mezani. Hakikuwa na kunyanzi hata moja.

"Fundi, umeua!" alisema.

Sifa zote zikamwendea fundi wa dawa za vitambaa wa kiwanda cha hariri. Lakini jicho lilikuwa la mkewe, aliyepiga pasi hariri katika chumba cha pasi cha kiwanda hicho hicho kwa miaka kumi na tisa. Mwaka mzima mume alichovya vipande kwenye asidi ya limau, akavikamua, akavikausha, akavioka tanurini. Vilitoka ama na mikunjo yao yote, ama vya manjano na vikavu, ukivuta kidogo vinachanika. Kila jioni alivipeleka nyumbani, mke akavipapasa kwa vidole vyake vyenye makovu ya pasi.

"Unaunguza, baba watoto," alimwambia jioni moja. "Hariri haitaki moto wa pupa. Punguza moto, iache ndani zaidi."

Alipopunguza, mambo yakanyooka.

Hapa ndipo mtu anatamani kumzaba fundi kofi. Miezi mitatu kabla ya jioni ile, Bosi alishamwambia kwamba hariri ikiacha kukunjika, chumba cha pasi kitafungwa na wanawake wote sita waende zao. Fundi aliitikia kwa kichwa. Akaendelea kumpelekea mkewe vipande na kulisifia jicho lake, akijiambia atamweleza kesho.

Barua za kuachishwa kazi zilitolewa Ijumaa. Mke aliisoma yake pasi ikiwa bado ya moto, akamuuliza msimamizi uamuzi ulipitishwa lini.

"Muda mrefu, dada. Mumeo alikuwepo."

Nyumbani hakupiga kelele. "Ulijua," alisema.

"Nilitaka kukwambia..."

"Ulijua, na vitambaa ukaniletea. Umenichimbisha kaburi langu mwenyewe."

Jumatatu wateja wakubwa walikuja, na fundi alitakiwa kupigwa picha. Shati lake jeupe, ambalo tangu waoane alizoea kulikuta kitandani limenyooshwa, alilikuta ndani ya beseni, limekauka likiwa limesokotwa.

"Mama watoto, shati..."

"Lichovye kwenye dawa yako," alijibu bila kugeuka.

Fundi hakuwa amewahi kushika pasi maishani mwake. Akalivaa hivyo hivyo.

Picha imetundikwa kwenye mlango wa kilichokuwa chumba cha pasi. Hariri imenyooka kabisa, na fundi aliyeishika amejaa makunyanzi kuanzia kola hadi kiunoni.