Herufi Nne za Warda

Jengo la Warda, pale Beirut, lilipotimiza miaka hamsini, aliyebaki akiishi humo alikuwa Nasib Azar peke yake, mgane aliyewahi kutengeneza kadi za harusi. Majirani zake wanne walikwishahama nchi, wakamwachia funguo awe anawamwagilia maua.

Bi Ilham, aliyehamia Montreal, akaandika kwenye kundi lao la simu: "Nasib, tutengenezee jina la jengo letu kwa picha, kama zile kadi zako."

Kazi hiyo angeifanya hata akisinzia. Unaandika neno kwa herufi nene kwenye programu ya picha, unaweka picha juu yake, unaibana ndani ya herufi. Kinachozidi kingo kinafichika. Na Warda, kwa Kiarabu, ni herufi nne zisizoshikana. Kila jirani angepata yake.

Akawaomba picha. Wakamletea theluji, gari jipya, keki ya mjukuu. Hakuna aliyekuwa na picha ya Warda.

Basi asubuhi Nasib akachukua funguo, akapanda ngazi. Kila nyumba alifungua mapazia, akaondoa shuka la kukinga vumbi kwenye kiti kimoja, akapiga picha. Akarudi mezani kwake, akazisogezasogeza ndani ya herufi mpaka kila kiti kikaonekana, akatuma kundini.

Vikaja vidole gumba viwili vya pongezi. Kisha Kamil wa Dubai, mwenye herufi ya mwisho: "Nasib, nilikuachia ufunguo wa maua au wa kupekua nyumba yangu? Ondoa!"

Nasib akaona haya, akaizima simu. Alipoiwasha mchana, Bi Ilham akapiga.

"Kile kiti cha herufi ya kwanza si changu?"

"Ni chako, Bi Ilham. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwana wee? Umekirudishia shuka?"

"Bado."

"Basi nenda ukakikalie. Kiti kisichokaliwa huliwa na mchwa."

Akapanda na simu sikioni, akakaa. Bi Ilham akauliza kama jua bado linafika kwenye kabati la vyombo. Linafika. Na muuza mboga, bado anapita akipayuka? Hapiti tena.

"Na wewe mbona humo kwenye jina?"

"Herufi nne, na nyinyi wanne."

"Si Kamil kakataa? Mtoe, uingie wewe. Kwa ukarimu huo utakosa nafasi hata kwenye kaburi lako!"

Nasib akacheka kwa sauti. Kicheko kikamrudia kutoka ukutani. Kule Montreal mtoto akalia, Bi Ilham akaaga haraka haraka. Nasib akabaki amekishika kiti kwa mikono yote miwili.

Baadaye akashuka, akaitoa picha ya Kamil, akajipiga yake mwenyewe mezani. Herufi ile ya mwisho ni duara dogo. Uso ukaenea, mabega yakakatika. Akachapisha, akabandika ukutani karibu na mlango wa kuingilia.

Alasiri fundi wa jenereta ya mtaa akaja kusoma mita ya umeme.

"Bado ni wewe tu humu, mjomba?"

"Ni mimi tu," Nasib akajibu. "Ngoja nikuletee kahawa."

Lakini fundi alikuwa keshatoka.