Mti wa Kumi na Saba

Nilipomaliza masomo ya sheria niliajiriwa na ofisi ndogo hapa mjini Kindu inayowasaidia Wambuti, wenyeji wa msituni, kudai misitu yao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Obokote. Kwa siku tisa Mzee Amundala, mkubwa wa kambi yao, alinitembeza msituni, yeye akitaja, mimi nikiandika, hadi ramani ikajaa miti ya asali arobaini na mmoja. Kwao, anayewaona nyuki kwanza hufunga kamba ya msituni kwenye shina, na tangu hapo mti ni wake. Anaweza kumpa mtu mwingine. Akishampa, basi, hamnyang'anyi tena.

"Na huu?" niliuliza tulipofika kwenye wa kumi na saba.

"Ya Rehema."

"Kumbe nina somo wangu huku!"

"Huyo ni mutoto mudogo sana," alisema, akaendelea kutembea.

Nikaandika *Rehema*, nikidhani ni mjukuu wake.

Mama yangu hakuuliza mengi niliporudi. Aliuliza tu, "Wambuti wa kule wazima?" kisha akageukia sufuria yake. Enzi za vita alikuwa mchuuzi wa chumvi katika masoko ya huko, na mimi, alivyosema, nilizaliwa njiani. Zaidi ya hapo hakupenda kusimulia.

Miezi miwili baadaye, Mama Claire wa shirika moja la kimataifa alikuja Kindu kukagua faili yetu. Sheria mpya ya nchi ilikuwa upande wetu, na Umoja wa Mataifa ulikwisha kutangaza haki za wenyeji kama hao zamani. Lakini mkata mbao mmoja alikuwa ameomba msitu ule ule, na bila shirika hilo kutuunga mkono hatukuwa na nguvu ya kumzuia.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia, Mzee Amundala akiwa amekuja kutoka Obokote. Mama Claire alipitisha kidole juu ya ramani, akailinganisha na orodha ya familia za kambini, kisha kidole kikasimama.

"Mti wa kumi na saba. Rehema ni nani? Hayumo kwenye orodha."

"Ni mutoto wa hapa Kindu," alijibu Mzee Amundala bila wasiwasi.

Mama Claire aliweka kalamu chini. "Mzee, kama watu wa mjini wana miti humo, yule mkata mbao atasema msitu si wenu."

Rémy, mwenzangu wa ofisini, aliniinamia. "Mwambie afute. Jina moja tu!"

Nikamwomba mzee. Nilimwomba kwa upole, hata kwa kubembeleza. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekosa adabu.

"Muti nilishatoa. Nikimunyang'anya Rehema yake, hii ingine arobaini itakuwa ya nani?"

Hapo mama yangu akaingia na sinia la sombe ya majani ya muhogo na samaki, maana yeye ndiye tuliyemwomba atupikie. Mzee akainuka.

"Mama Chumvi!"

Mama aliweka sinia mezani. "Baba Amundala. Bado unaishi?"

"Nangojea chumvi yangu. Uliahidi kwamba utarudi nayo."

"Niliona haya," mama alisema. "Mwaka wa kwanza sikuwa na kitu. Baadaye miaka ikapita mingi, nikaona haya zaidi." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Mama Claire. "Vita ilinikuta kule mwaka tisini na nane, nina mimba kubwa. Hawa walinificha kambini kwao miezi minne. Mke wake ndiye aliyenizalisha. Siku ya tatu, mzee huyu alifunga kamba kwenye mti wake mwenyewe, akasema mtoto huyu asikae bila chakula siku akirudi." Akanielekeza kidole. "Mtoto mwenyewe yule."

Mzee Amundala alinikagua kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Huyu? Amekuwa mukubwa hivi! Na siku tisa alinichosha na maswali, hakusema ni yeye!"

Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka huku nikilia. Nilikuwa nimesimama chini ya mti wangu, nikaandika jina, nikapita.

Mama Claire hakucheka. Alikuwa ameshika tena kalamu. "Mama, rudia mwaka. Na miezi mingapi?" Aliandika ukurasa mzima. "Mzee, nilikuwa natafuta shahidi kwamba mliishi pale na kugawa miti yenu kabla mkata mbao hajasikia jina la msitu huo. Jina la Rehema libaki. Nitaiunga mkono faili hii."

Akanisukumia ramani niithibitishe kwa sahihi. Nilitikisa kichwa. Mwenye mti asingeweza kujithibitishia ramani yake mwenyewe. Nikampa Rémy kalamu, naye, aliyetaka kufuta, akaandika jina lake taratibu chini ya ramani.

Mama hakuwepo tena mezani. Alirudi jasho likimtoka, na mfuko mzima wa chumvi kichwani.

"Imechelewa, Baba," alisema.

"Iteremushe kwanza," alijibu mzee. "Na tule. Kisha huyu mutoto atatembea na mimi Obokote. Asali yake inaliwa na nyuki peke yao."