Mzunguko wa Pili

Nahodha alikuwa fundi wa friji, na kazi hiyo humpa mtu kiburi. Kila anayekuita nyama yake inakaribia kuoza, hana ubavu wa kubisha, ukimwambia kompresa imekufa anakubali. Miaka na miaka ya kukubaliwa humharibu mtu. Chama cha baiskeli alikianzisha yeye, enzi goti lake likiwa bado goti, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alikaa mbele, mgongo umeinama, jezi imembana tumboni, na nyuma yake wakamfuata walimu, wenye maduka na mwanasheria mmoja mwenye miguu mirefu. Hakuna aliyewahi kumpita.

Jambo hilo alilisimulia nyumbani kila alipokuwa akivua viatu.

"Vijana wa siku hizi hawana mapafu," alimwambia mkewe. "Leo nimegeuka mlimani, wote ndimi nje! Na mimi huyu ndiye niliyekula chumvi nyingi."

"Hongera," mkewe alijibu, akiendelea kumenya viazi. "Nenda kaoge, unanuka."

Mkwe wake, muuguzi aliyemuoa binti yake wa pekee, naye alikuwa mwanachama. Alipokuja kula chakula cha mchana siku hizo za Jumamosi, mara zote akichelewa na kusema ni zamu, alimshika mkwewe mkono kwa mikono miwili na kusema, "Baba, leo umetutesa kweli." Nahodha alicheka kwa pua na kumchagulia kipande kikubwa cha nyama.

Chama kilikuwa na sheria moja tu, nayo ilikuwa ya Nahodha: msafara haumsubiri mtu. Aliyeishiwa pumzi ageuze arudi kwao. Sheria hiyo ilikuwa imemng'oa mtu mmoja, na wa kung'olewa akawa ndiye hasa asiyestahili. Alikuwa fundi wa nguo, jirani yake wa tangu ujana, ndiye aliyesimama ubavuni pake siku ya harusi na ndiye aliyeishona suti yenyewe. Wote walimwita Cherehani. Aliugua kifua, akapona, lakini akaanza kubaki nyuma. Jumamosi moja, juu ya kilima chenye mnara wa simu, Nahodha aliusimamisha msafara akamngoja afike. Hakumngoja kwa huruma. Alitaka wote wasikie.

"Unatuchelewesha, bwana," alimwambia. "Hapa hatukanyagi cherehani, mtu umekaa unapiga soga na wateja. Rudi ukashone."

Watu waliinamisha macho wakatazama matairi yao. Cherehani alijaribu kucheka, kicheko kikagoma, akageuza baiskeli na kuteremka peke yake. Tangu siku hiyo salamu zao zikawa za kupita tu, habari, nzuri, kila mtu na mlango wake. Nahodha alijiambia kwamba chama ni chama na urafiki ni urafiki. Kwa mtu asiye na wasiwasi, alijiambia hivyo mara nyingi mno.

Safari zao ziliishia kwenye kituo cha mafuta karibu na mzunguko wa barabara kuu. Hapo walikunywa maji, wakamsifu Nahodha, naye akawaaga na kurudi nyumbani kujinyoosha. Jumamosi moja alikuwa ameshaoga na kulala kitandani na gazeti lake, akapapasa miwani ya kusomea, asiione. Akakumbuka ameiacha kwenye benchi la kituoni. Akavaa kanzu yake ya nyumbani, akawasha gari la kazi, akarudi kuifuata.

Mhudumu wa pampu alikuwa mama mmoja mchangamfu, mdomo hauna kifuniko. Alizoea kumwona Nahodha akiwa na helmeti na miwani ya jua, na sasa kichwa wazi, kipara juani, mama yule hakumtambua.

"Miwani? Ya yule Mzee wa baiskeli?" alisema akiitoa mfukoni mwa ovaroli. "Hii hapa. Nilitaka kuwapa wenzake, lakini wameshaondoka na mzunguko wa pili."

"Mzunguko gani wa pili?"

"Ah, si ndio mzunguko wenyewe! Ule wa kwanza ni wa Mzee. Wanaenda naye polepole, wanamsifu, anakwenda zake kulala. Halafu wao ndio wanaanza sasa." Alicheka kwa mapenzi kabisa. "Wana roho nzuri wale watu, nakwambia. Kila Jumamosi hivyo hivyo, na hawamsemi vibaya. Wewe ni ndugu yake?"

"Ndugu yake," alisema Nahodha.

Alipokea miwani, akashukuru, akaingia garini.  Alijiambia yule mama ni mmbea, hajui tofauti ya baiskeli na toroli, na ili amuumbue aliendesha moja kwa moja mpaka kilimani, akaegesha nyuma ya kibanda cha kuuza vocha, mahali ambapo barabara yote huonekana mpaka chini.

Hakungoja sana. Walitokea kwenye kona wamejipanga, na mwendo wao haukuwa mwendo anaoujua. Mwanasheria, yule ambaye wiki zote alikuwa akihema nyuma yake kama anakata roho, alikuwa amesimama juu ya pedali huku anapiga hadithi. Walimu walipita wanacheka. Kilima ambacho Nahodha hukipanda kwa gia ndogo kuliko zote, meno ameyauma, wao walikimaliza kabla hajapata hata kuifuta miwani vizuri. Kumbe kuhema kule kote kulikuwa kwa bandia. Kumbe walikuwa wanamvika kilemba cha ukoka, na yeye kila wiki anakipeleka nyumbani kumwonyesha mkewe.

Kisha wakatokea wawili wa mwisho. Mmoja alikuwa mkwe wake, anaendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameuweka mgongoni kwa Cherehani, anamsukuma taratibu, na Cherehani anakanyaga, jasho linamtiririka, kinywa wazi, uso umejaa furaha ya mtoto aliyepewa soda. Kule juu wote walikuwa wameshuka kwenye baiskeli wanamsubiri. Hakuna aliyetazama saa. Alipofika walimpigia makofi, mtu akampa chupa ya maji.

Nahodha alijikunja nyuma ya usukani wasimwone. Aibu ya kwanza ilikuwa ya miguu yake, na hiyo angeimeza, uzee ni wa kila mtu. Ya pili ndiyo iliyomkaba. Alimfukuza rafiki yake kwa sababu ya udhaifu ambao sasa ni wake mwenyewe, na watu aliowafundisha kumfukuza dhaifu walikuwa wamekataa kufundishika. Alikaa mle garini mpaka wakateremka upande wa pili, na hata walipokwisha kupotea aliona haya kuinua kichwa.

Mchana mkwe alikuja kula, amechelewa, nywele bado mbichi za kuoga.

"Baba, leo umetutesa kweli."

"Zamu ilikuwaje?" aliuliza Nahodha, macho kwenye sahani.

"Nzito kidogo."

Nahodha alimchagulia kipande kikubwa cha nyama kama kawaida yake. Mkewe alimtazama, akamsogezea bakuli la mchuzi.

Siku mbili nzima alizunguka na jambo hilo. Jioni ya tatu alichukua suruali kabatini, isiyo na tatizo lolote, akaenda nayo kwenye duka la Cherehani. Lilikuwa chumba kimoja chembamba, vitambaa mpaka darini, na harufu ya pasi ya moto. Cherehani aliipokea suruali, akaigeuza, akaivuta huku na huku.

"Ina nini?"

"Kiuno."

"Kiuno kiko sawa."

"Basi pindo."

Cherehani aliiweka suruali mezani na kumtazama.  Huyu mtu aliyezoea kuwaambia watu friji yenu imekufa bila kupepesa, sasa sentensi moja ilikuwa inamshinda.

"Nimewaona Jumamosi," alisema. "Pale mlimani."

"Nilijua iko siku."

"Ni akili ya nani? Mkwe wangu?"

"Wala. Mkweo alitaka kukwambia ukweli, akashindwa pa kuanzia. Wengine walisema wakupite tu siku moja, yaishe, wewe mwenyewe utaelewa. Umeanza kupungua muda mrefu, ndugu yangu, ni vile tu huko mbele huoni." Cherehani alichukua sindano iliyokuwa kifuani mwa shati lake, akaichomeka kwenye mto wa sindano. "Mwisho wakaja hapa kuniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayekujua."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia wasithubutu. Wakae nyuma yako, waheme, wewe ufurahi. Nikawaambia mtu akiaibishwa mbele ya wenzake harudi kuwa yule yule. Mimi nilifika nyumbani siku ile nikajifungia chooni nilie, mke wangu asinisikie. Sikutaka na wewe yakukute."

Alisema bila ukali wowote, na hapo ndipo ilipouma. Kama angefoka, Nahodha angejua la kufanya, angefoka pia, wangemalizana. Alitazama sakafu, vipande vya nyuzi vya kila rangi vimetapakaa miguuni, akaona uso wake unawaka mpaka masikioni. Alipata neno moja tu.

"Nisamehe."

"Yameisha hayo," alisema Cherehani. "Yaliisha zamani. Kaa basi, umesimama kama mdai."

Nahodha alikaa kwenye kigoda cha wateja. Nje mtu alipita na redio. Alikaa hapo akijikuna goti, anatafuta la kusema ambalo lingekuwa la kawaida, la watu wawili marafiki.

"Huo mzunguko wenu wa pili," aliuliza hatimaye, "huwa mnaondoka saa ngapi?"

Cherehani hakutaka kumdanganya tena, hata pale uongo ulipofaa.

"Hauna saa maalumu," alijibu. "Tunakusubiri wewe uende nyumbani kwanza."

Nahodha aliichukua suruali mezani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.